Unga Mweupe Kwenye Sonde

Neno lilimtoka Casimir mdomoni kama saa nne asubuhi, siku ya soko, na kabla ya adhana ya adhuhuri lilikuwa limeshafika mtaa wa Mwemezi, limezunguka Kalundja na kurudi garajini likiwa limenenepa. Alichosema yeye kilikuwa kifupi: "Ni esansi ya Siti." Kilichorudi ni kwamba Siti, mjane anayeuza petroli kwa chupa kando ya barabara, anachanganya esansi yake na mafuta ya taa, kwamba anaongezea maji ya ziwa, na kwamba hata marehemu mume wake alikuwa na mchezo huohuo, ila watu walinyamaza kwa sababu alikuwa mtu wa msikiti.

Garaji ya Casimir iko kando ya barabara kuu ya Baraka, ile inayopanda kwenda Fizi. Ina mabati juu, ukuta upande mmoja tu, na viti vingi kuliko magari. Wazee wa Kibembe wana lubunga yao, pale wanaume wanapokaa kula pamoja na kukata maneno. Wanaume wa mjini walikuwa na garaji ya Casimir. Walikuja bila gari na bila shida yoyote. Walikuja kusikia nani amehama kwa mke wake, nani amenunua injini mpya ya boti na pesa alizipata wapi. Casimir alipenda hivyo. Siku garaji ikiwa tupu hata chakula hakikupita vizuri. Alifanya kazi akiwa amewapa mgongo, lakini kila alichokifanya alikifanya kwa ajili ya wale waliokaa nyuma yake.

Siku hiyo ya soko aliyeleta gari alikuwa Roger, anayebeba abiria kati ya Baraka na Fizi. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye tabulo, mbele ya dereva, moshi mweusi ulitoka nyuma, gari ilikunywa esansi kama ng'ombe wa Minembwe aliyefika mtoni, na kwenye kupanda milima ya Fizi abiria walikuwa wanashuka kusukuma.

"Bamama banashuka na vikapo vyabo," Roger alisema. "Juzi moja aliniambia, mi nilipa kupanda gari ama nilipa kupanda mulima?"

Casimir alichomeka kifaa chake kidogo chini ya usukani, akafungua simu, akasoma. Namba zilizotokea kwenye simu zilimpeleka kwenye sonde ya mbele. Sonde ni kitu kidogo, mfano wa bujie, ile plagi ya kuwasha moto, kinachofungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini. Kazi yake ni kunusa ule moshi na kuiambia injini kama esansi imezidi au hewa imezidi, ili injini ipunguze au iongeze. Sonde ikifa pua, injini inamwaga esansi kama kipofu anayemimina chai.

Hapo alifanya kazi safi, tusimnyime. Kwenye simu, namba ya sonde nzima hupanda na kushuka haraka, kama kifua cha mtu anayepumua. Hii ilikuwa inajikokota. Alichomoa mpira mdogo wa hewa ili hewa iingie nyingi, akangoja namba ishuke. Ilishuka kwa uvivu, imechelewa. Akarudisha mpira, akaziba mdomo wa hewa kidogo kwa kiganja ili esansi izidi. Namba ilipaswa kuruka juu, ikabaki palepale. Akapima nyaya, zilikuwa nzima. Akapima kile kiwashio cha ndani kinachoipasha sonde joto, nacho kizima. Basi tatizo lilikuwa sonde yenyewe. Akaiacha injini ipoe nusu, akapuliza dawa ya kutu, akaingiza ile kle, spana yenye mwanya wa kupitisha waya, akaifungua.

Watu wakainuka kwenye viti kuangalia. Sonde nyeusi wote walishaiona: esansi imezidi. Ya kahawia yenye mafuta pia: injini inakula oili. Hii ncha yake ilikuwa nyeupe, imefunikwa na unga mkavu, kama mtu ameichovya kwenye unga wa muhogo.

"Fundi, hii sasa ni nini?" aliuliza Willy, dereva wa pikipiki aliyekaa pale siku nyingi kuliko alizoendesha.

Casimir aliigeuza kwenye mwanga. Hakuwahi kuona sonde nyeupe maisha yake yote.

"Fundi iko kimya," Willy alisema. "Leo ya leo imemushinda."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini neno "sijui" lilikuwa limefika kooni kwa Casimir, na alipoinua macho na kuona nyuso zote zile zinamngojea, likarudi tumboni. Akamgeukia Roger.

"We unanunuaka esansi wapi?"

"Pale chini, kwa Siti."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ndjo iko karibu."

"Basi. Si munaona?" Casimir aliinua sonde ili hata wa nyuma waone. "Ni esansi ya Siti."

Hata "Mama Sumaya" hakusema, jina alilomwita kila asubuhi akipita. Alisema Siti tu, kama unavyotaja mtu ambaye tayari umeshamvua kilemba.

Alifunga sonde nyingine iliyotoka Uvira. Kabla ya kushusha boneti aliona oili inatokwa jasho kwenye kifuniko cha juu ya injini, pale alipofungua miezi miwili nyuma na kukosa joinyi mpya ya kubana katikati. Akachukua tyubu yake ya silikoni, gundi ile ya watengeneza boti, akaongeza mstari mnene kuzunguka kifuniko na kuupitishia kidole. Mji mzima wa Baraka unazibwa na silikoni hiyo: boti, mabati, mabeseni, hata viatu. Roger akawasha, moshi ukawa safi, taa ikazimika, na watu wakasema fundi ni fundi.

* * *

Siti alikuwa na meza yake hatua chache tu kuelekea ziwani, chini ya mwavuli uliopauka. Esansi yake ilivuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma. Aliiacha itulie ndani ya bidoni, dumu la plastiki, siku nzima, akaichuja kwa kitambaa mara mbili, na ile ya chini kabisa, yenye tope, hakuiuza. Aliwapa watu wa kusafisha minyororo. Kila mtu alijua hivyo. Lakini watu walikuwa wanajua, na sasa walikuwa wamesikia, na kusikia kulikuwa kupya.

Pikipiki zikaanza kumpita. Wengine walimsalimia kwa honi na kwenda kununua mbele. Chupa zikabaki zimejipanga juani, zimejaa.

Siku ya nne akaja garajini. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kijani, amekifunga vizuri, na alisimama nje ya bati, pale jua linapoanzia, kama mtu asiyetaka kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa.

"Baba Fanny, habari ya kazi?"

"Nzuri, mama."

"Nimesikia neno. Nikasema siwezi kuulizia watu, niulize mwenyewe. Ni kweli ulisema esansi yangu inaua gari?"

Viti vyote vilikuwa vimejaa. Willy aliacha kutafuna.

"Mama, mi nilisema ile niliona," Casimir alijibu, akiwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na mahali pakavu.

"Uliona nini?"

"Sonde iko nyeupe."

"Na nyeupe ni esansi?"

Hakuweza kusema ndiyo, na hakuweza kusema hapana. Akasema, "Mambo ya injini ni marefu, mama," kwa ile sauti ya daktari anayekimbizwa na wagonjwa. Mtu mmoja nyuma akacheka kupitia puani. Siti akasema asante, akawashukuru na wengine pia, akaondoka bila haraka. Alipokuwa ameshafika mbali, Willy alisema, "Anatembea kama mutu ile hana makosa," na Casimir akacheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kilichomrudia baadaye akiwa anaoga, akiwa kanisani, na mdomo ukiwa umejaa wali.

* * *

Wiki tatu hazikuisha, Roger akarudi. Ilikuwa Alhamisi, mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri, barabara tope tupu, na garajini hapakuwa na mtu.

"Taa imerudia," alisema. "Na gari imerudia kula esansi."

Casimir aliichomoa sonde ya Uvira. Nyeupe. Unga uleule, mkavu, safi, kama wa dada yake aliyetangulia.

"We uliendelea kununua kwa Siti?" aliuliza, na akajisikia anaomba jibu liwe ndiyo.

"Nani, mi? Toka siku ile sijanunua hata tone. Najaza kule Fizi." Roger alikuna kidevu. "Kumbe na ya Fizi iko mubaya. Bote ni bezi, si ndivyo, fundi?"

Mlango ulikuwa huo, wazi kabisa. Alihitaji kutikisa kichwa tu. Siti angebaki mwizi, na mtu wa Fizi ambaye Casimir hakuwahi kumwona angekuwa mwizi wa pili.

"Acha gari," alisema. "Nitaangalia."

Roger alipokwenda kujikinga mvua kwa muuza chai, Casimir alipiga picha ya sonde na kuituma Uvira kwa Vainqueur, rafiki yake aliyesomea ufundi shuleni, siyo barabarani kama yeye. Kwa miaka yote hakuwahi kumuuliza Vainqueur kitu. Walipigiana simu kwa habari za watu tu. Vainqueur alipiga palepale.

"Nyeupe vile? Iyo ni silikoni, mukubwa. Kuko mutu alipaka silikoni ya kawaida ku injini?"

"Silikoni inafika vipi ku moshi? Mi naona iko inje."

"Mbele ikauke, ikiwa bado mbichi, inatoa mvuke. Ile harufu ya vinegre, ya siki, unaijua. Mvuke inaingia ndani ya injini, inaungua, inatoka na moshi, inakaa tu ku sonde. Inaiziba pua. Kuko silikoni ya magari, hiyo haina shida. Lakini ile ya boti, ama ya madirisha, inaua sonde. Nani alipaka?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Casimir alisimama mbele ya boneti iliyo wazi na kuangalia kile kifuniko. Mstari ule aliouzungusha mwenyewe ulikuwa pale, umefurika pembeni, unang'aa, na alama ya kidole chake bado ilionekana. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wa zamani, wa mara ya kwanza. Mstari wa kwanza, sonde ya kwanza. Mstari wa pili, sonde ya pili. Alikumbuka hata alichosema siku ile ya kwanza: hapa hata ziwa lenyewe haliwezi kupita.

"Halo? Nani alipaka?"

"Kuko fundi moja wa huku," Casimir alisema.

"Mumwambie aache," Vainqueur alisema, akacheka, na kuanza habari za harusi fulani.

Casimir alisikiliza harusi yote. Hata hilo dogo, "ni mi", kwa rafiki wa toka utoto, kwenye simu, bila shahidi, lilikuwa limemshinda kusema.

* * *

Nyumbani Espérance mke wake alikuwa anachagua maharage na hakuinua kichwa.

"Mama Sumaya anahama," alisema. "Kesho kutwa, siku ya posho, na boti ya asubuhi. Anaenda Kazimia kwa kaka yake Saleh."

"Anaenda kutembea?"

"Ukitembea unabebaka bidoni na masufuria?" Aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Jana kwenye pompi bamama banateka maji, mi nafika, wote wananyamaza. Siyo Mama Sumaya anawatuma. Yeye alinisalimia. Ni wengine. Moja akaniuliza, Mama Fanny, bwana yako anajuaka pia kupima maji?"

Casimir alikaa. Angeweza kumwambia hapo. Badala yake alisema anatoka kidogo, akaifunga ile sonde nyeupe kwenye karatasi na kuitia mfukoni.

Ua wa Siti ulikuwa umefagiwa pamoja na maji ya mvua. Vitu vilikuwa vimefungwa nusu: godoro limeviringishwa, sufuria ndani ya sufuria. Siti alimpa kiti, kwa sababu mgeni ni mgeni, naye akabaki amesimama. Binti yake Sumaya, msichana mkubwa aliyemaliza shule mwaka uliopita, aliingia ndani bila kusalimia.

Casimir alieleza kila kitu. Alifungua karatasi, akaonyesha unga, akaeleza silikoni na mvuke. Alisema esansi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la mkono wake, na kwamba anaomba radhi. Alisema vizuri, njiani alikuwa ameyapanga maneno. Alipomaliza alijisikia mwepesi kidogo, na akangoja.

"Baba Fanny," Siti alisema, "umekuja kuniambia esansi yangu iko safi?"

"Ndiyo, mama."

"Mi nilikuwa najua. Ni mi naichujaka. Habari hiyo sikuihitaji." Alichukua kamba, akaanza kufunga godoro, na hakumwangalia tena. "Siku ile uliambia mi? Hapana. Uliambia watu. Sasa watu hawako hapa. Hapa kuko mi na godoro."

"Nitawaambia, mama."

"Mi sikukuomba. Mi nafunga vitu."

Alitoka pale na ile sonde mkononi, amesahau kuifunga, na alipopita kwenye meza tupu chini ya mwavuli aliangalia upande mwingine wa barabara.

* * *

Ijumaa jua liliwaka na garaji ikajaa. Casimir aliwaangalia wanavyofika mmoja mmoja, wanavuta viti, wanaulizana usiku ulikuwaje, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani wabaki kwao. Roger naye alikuwepo, amekaa juu ya tairi, anangoja gari yake.

"Ile gari," Casimir alianza, "si esansi. Niliangalia vizuri. Esansi ya Mama Sumaya haina shida."

Halafu Willy alinyoosha miguu.

"Mama Sumaya alikupikia nini?"

Mabati yalitikisika kwa kicheko.

"Watu walimuona jana anatoka kule," mwingine alisema. "Na mvua imekwisha tu kunyesha. Fundi alienda kupima sonde gani?"

"Ndjo maana amebadilisha ushahidi."

Casimir aliona kabisa jinsi jambo linavyokwenda: kabla ya adhuhuri Siti angekuwa siyo tu mchanganyaji wa esansi, angekuwa mjane anayewapikia waume za watu. Alikuwa amekuja kumfuta doa na alikuwa anampaka jingine. Na aliwafahamu wale watu, maana alikuwa mmoja wao. Neno la kusema fulani ni mwema halitembei Baraka. Halina chumvi, hakuna wa kulibeba. Ili lile la Siti lifutike, walihitaji kupewa lingine tamu zaidi. Na garajini pale hapakuwa na mtu wa kuwapa isipokuwa yeye mwenyewe.

Akaifungua boneti ya Roger. Akaingiza bisibisi chini ya kifuniko cha injini, akanyofoa ule mstari wa silikoni na kuuvuta taratibu. Ulitoka mrefu, unavutika, kama utumbo wa kuku.

"Nuseni," alisema, akamkabidhi Willy.

Willy alinusa. "Vinegre."

"Ni ya boti. Ni mi niliipaka. Joinyi ilikosekana, nikapaka hii, tena nikapaka na kidole, tena nikawaambia hata ziwa haipite. Munakumbuka nilisema?"

"Ulisema," mtu mmoja alikubali.

"Basi ziwa haikupita. Mvuke yake ndjo ilipita, ikaenda kuua sonde. Nikafunga sonde ya pili. Mbele ikae hata siku moja, nikaongeza silikoni ingine, mingi kuliko ya kwanza." Aliinua sonde zote mbili, nyeupe kama meno. "Mbili. Kwa mukono wangu. Uliza Roger kama alinunua tena kwa Mama Sumaya."

"Sikununua," Roger alisema polepole. "Nilinunua Fizi." Halafu uso wake ukaanza kubadilika. "Ngoja. Kumbe wale bamama banasukuma gari ku mulima, walikuwa banasukuma silikoni yako?"

"Yangu."

Kicheko kilianza kwa Roger. Casimir aliinua mkono kukisimamisha, kwa sababu sehemu ngumu ilikuwa bado, na kama wangecheka sasa asingeweza tena.

"Na siku ile mulipouliza hii nyeupe ni nini, mi sikujua. Sikujua hata kidogo. Niliona haya kusema sijui mbele yenu. Nikatafuta mutu wa kumutupia, na yeye ndjo alikuwa karibu."

Hakuna aliyecheka. Willy alikuwa bado ameshika ule utumbo wa silikoni, hajui auweke wapi. Casimir aliangalia sakafu, penye madoa ya oili ya miaka yote.

"Kumbe," Willy alisema hatimaye, "fundi wetu ni fundi wa boti."

Hapo ndipo paa lilipotaka kuruka. Walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mtu aliuliza kama wakiishusha gari ya Roger ziwani itafika Kigoma. Mwingine alisema mke wake ana sufuria linavuja, alilete kwa daktari wa injini. "Silikoni," Roger aliita, akiwa anafuta machozi, "Fundi Silikoni, nirudishie abiria zangu." Casimir alisimama katikati yao, mikono imening'inia. Alijaribu kutabasamu lakini mdomo haukutii.

Saa sita jina lilikuwa limefika sokoni. Saa tisa binti yake Fanny alirudi shuleni akiwa amenuna, akauliza kwa nini watoto wanamwita Mademoiselle Silikoni. Jioni hiyohiyo Espérance aliambiwa yote kwenye pompi, na mwanamke yuleyule aliyemuuliza habari ya kupima maji akaisogeza ndoo ya Espérance mbele ya ndoo za wengine. Alirudi nyumbani, akamtengea mumewe chakula, akakaa naye mpaka amalize.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi Casimir aliteremka ufukweni. Boti ya Kazimia ilikuwa imeelekeza pua majini, wapagazi wanaingia na kutoka na magunia, na mmoja wao, alipomwona, akamwambia mwenzake kitu kidogo na wote wawili wakaangalia pembeni kwa heshima ya kuzuia kicheko.

Siti alikuwa amekaa juu ya godoro lake. Mizigo ilikuwa imebaki chini.

"Nimesikia," alisema, kabla hajasalimiwa.

"Ndiyo, mama."

"Walikucheka sana?"

"Sana."

"Hata Roger?"

"Roger kuliko wote."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi na kuona chumvi imetosha, lakini hakuomba sahani.

"Roger alikuja leo asubuhi na mapema," alisema. "Alinunua kwa Sumaya. Na pikipiki mbili nyuma yake. Meza nimemwachia Sumaya, atauza yeye."

"Kumbe mama, usiende. Kama wameanza kurudi—"

"Wao wamerudi ju ya kicheko. Kesho watarudi ju ya esansi, ni sawa, Sumaya atakula." Alinyanyuka, akajifunga kitambaa upya. "Mi naenda kwa kaka yangu, siku kidogo ao siku mingi. Sitaki kupita kila asubuhi mbele ya garaji yako na kuwaza ni nani alikuwa anacheka na ni nani alikuwa ananyamaza. Ulicheka na we. Nilisikia. Sikuwa mbali vile ulifikiri."

Casimir alitafuta neno akalikosa, na safari hii hakujaribu kuweka jingine mahali pake.

"Nimekusamehe," Siti alisema, akiwa anaangalia boti. "Nisingekusamehe, ningebaki nikuangalie. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, na kuketi pale chini ya mwavuli ni kingine."

Mwenye boti aliita abiria. Wapagazi walikuwa bado na magunia ya mtu mwingine. Casimir alivua viatu, akakunja suruali ya kazi yenye oili, akaliweka godoro vizuri begani na kuingia majini. Maji yalimfika magotini. Kutoka ndani ya boti mtu alimnyooshea mikono.

"Leta huku, Silikoni. Polepole, usilowanishe vitu vya mama."

Akakabidhi godoro. Akarudi nchi kavu, akampita Siti bila kuinua macho, akachukua sufuria, kisha bidoni tupu mbili ambazo bado zilinukia esansi, safi, isiyo na kitu kingine ndani yake.